Kifungo cha Chini

Barua ya ofisi ya viza ilisema Bosi ni mtu anayejiweza, kwa hiyo hastahili kusafiri kama mtegemezi wa dada yake. Mistari michache chini, barua hiyohiyo ikasema Bosi hana ajira, hana mke, hana mtoto wala nyumba, kwa hiyo hakuna kitu cha kumrudisha kwao akishafika huko. Fundi aliisoma akiwa amesimama, mkasi mkononi, kitambaa cha mteja kimetandazwa mezani. Akaisoma tena. Kisha akacheka, kicheko kile ambacho jirani akikisikia anawaita watoto wake ndani.

"Yaani," alikiambia cherehani, "ni mzima wa kutoroka, lakini si mzima wa kurudi."

Bosi mwenyewe alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mlango, anashona vifungo vya sare za shule. Aliinua kichwa.

"Lini, Dada?"

"Bado."

"Kesho?"

"Bosi, nimesema bado!"

Akainama tena, sindano ikaendelea. Fundi aliuma mdomo. Ndiyo hasira hiyo: humkosa aliyeileta, ikampiga aliye karibu.

Bosi alikuwa mdogo wake aliyemfuata ziwa, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, ambaye mwili ulikua ukaiacha akili nyuma, mahali fulani kwenye umri wa kupenda puto. Hawezi kuvuka barabara peke yake. Mtu yeyote akimtabasamia, anamfuata; wakati mmoja alimfuata muuza puto hadi mwisho wa mji, wakamkuta kando ya mtaro, ameshika uzi usio na puto. Jiko likiwaka, anapeleka mkono auone moto kwa karibu. Halali mpaka amsikie Fundi akikohoa chumba cha pili. Huyo ndiye ambaye ofisi ya viza ilimhofia kwamba atawatoroka akatafute ajira.

Lakini Bosi alikuwa nadhifu, na balaa lilianzia hapo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Marehemu mama yao, naye alikuwa fundi wa nguo, alipigilia koti kuukuu ukutani nyuma ya mlango, koti la vifungo vikubwa, na kila asubuhi akamsimamisha mwanawe mbele yake. "Anza na cha chini," alimwambia. "Cha chini unakiona, cha juu hukioni. Ukipatia chini, juu kutajiweka kwenyewe." Miaka ikapita. Majirani walimwambia anapoteza muda wake, mtoto mwenyewe ndiye huyo, mfungie tu yaishe. Mama aliwajibu kwamba mtoto wa fundi hatoki nje kifungo wazi, na kwamba kila mmoja arudi nyumbani akaangalie zipu yake.

Siku Bosi alipolifunga koti lote bila kuruka tundu hata moja, Mama alivua kitambaa chake cha kichwa akampepea nacho kama mfalme, akasema, leo umekuwa bosi. Jina likabaki, na koti nalo likabaki pale ukutani. Baadaye akajifunza kuvishona, na hapo hakuwa na mpinzani. Nguo huchakaa, kola ikaliwa, kiwiko kikatoboka, lakini kifungo kilichoshonwa na Bosi kinabaki palepale. Wateja walipoingia walimwamkia: "Bosi, habari za kazi?" Naye jibu lake lilikuwa moja, siku zote: "Kazi nyingi, watu wachache."

Aliyebaki ni Kitinda, kitinda mimba wa mama yao. Yeye alikwenda ng'ambo kuogesha na kulisha wazee wa watu wengine, mpaka figo zake zikamgomea. Sasa aliishi kwa mashine, na moyo nao ulikuwa umeanza kuchoka. Madaktari walimkataza kabisa kupanda ndege. Alikuwa na ombi moja tu. "Dada, niletee Bosi," alisema kwenye simu. "Nimguse. Simu haishikiki." Na ilikuwa kweli, maana Bosi alikuwa akimwona kwenye simu anaibusu mpaka kioo kinaingia ukungu, na Kitinda upande wa pili anabaki kuongea na ukungu.

Wakaomba viza pamoja, Fundi na Bosi. Ya Fundi ilitoka. Ya Bosi ndiyo hiyo barua. Na Fundi angemwachia nani Bosi, aende peke yake? Angemwachia cherehani?

Kilichomchoma zaidi ni kwamba siku ya mahojiano alikuwa ametoka pale kifua mbele. Alimshonea Bosi suti ya kijivu, yenye bitana, mabega yamekaa kama yamepimwa na malaika. Akamnyoa, akampigia pasi hadi leso. Bosi alimwamkia mlinzi shikamoo, akamwamkia mfagiaji shikamoo, akamwamkia na kijana nyuma ya kioo shikamoo, kijana wa kumzaa. Alipoulizwa anakwenda kufanya nini, alisema kumwona Kitinda. Atarudi? Atarudi na Dada, kuna kazi. Kazi gani? Vifungo. Kisha akapewa kalamu, akaandika jina lake herufi baada ya herufi, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo, na alipomaliza akapuliza wino ukauke. Fundi alikuwa na machozi. Aliwaza, Mama angeona! Wakati wa kurudi alimnunulia soda mbili, moja kwa kila mkono.

Kumbe kule ndani kijana alikuwa akiandika: amevaa vizuri, amejibu mwenyewe, ametia sahihi mwenyewe. Kila kitu ambacho Mama alikifundisha kwa miaka kiligeuzwa ushahidi dhidi ya mwanawe.

Kesho yake Fundi alikwenda kwa Bwana Muhuri. Huyu alikuwa na kiofisi cha kuwajazia watu maombi, ubavuni mwa duka la fotokopi. Jina alipewa na mtaa, kwa sababu kila karatasi iliyopita mezani kwake, hata ile iliyofungiwa mkate, aliigonga muhuri.

"Kaa, Fundi."

"Sikai."

"Haya, simama uniambie. Ulimvalisha nini?"

"Suti."

"Ya kununua?"

"Ya kununua? Mimi? Nilishona mwenyewe. Ina bitana."

Bwana Muhuri alifumba macho kama mtu aliyeguswa jino bovu. "Na ndevu?"

"Nilimnyoa."

"Akasalimia?"

"Aliwaamkia wote."

"Akasaini?"

"Kwa mkono wake mwenyewe."

"Basi, mama yangu, ulimpeleka bwana harusi. Pale wanataka mgonjwa."

"Nilipeleka barua ya daktari! Imeeleza yote!"

"Barua ni karatasi. Yule nyuma ya kioo ana foleni hadi barabarani, anaamini macho yake." Alisogeza kiti, akashusha sauti, na Fundi akajua kwamba sasa ndiyo yanakuja yale anayolipwa kwa ajili yake. "Unaweza kuomba upya. Lakini safari hii punguza unadhifu. Shati lililochakaa. Asinyolewe wiki nzima. Usimwache afunge kitu, wala ajibu kitu. Akiulizwa yeye, unajibu wewe. Akiweza kudondosha udenda kidogo, si vibaya. Na kalamu asiiguse, atie alama ya kidole gumba."

"Kalamu alishaishika. Sahihi yake wanayo."

"Sema hali imezidi. Nani atakubishia?"

Fundi alimtazama mpaka yule bwana akaanza kupanga upya kalamu zake.

"Unajua mama yangu alichukua miaka mingapi kumfundisha?"

"Sijui, na wao hawajui, ndiyo shida yenyewe. Fundi, mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Nimeinama!" Sauti yake ilifika kwenye fotokopi, mashine ikasimama. "Nimeinama, nimepiga magoti, sasa wanataka nilale kifudifudi wapite juu yangu! Anayejiweza wamemkataa, na kesho wakiletewa asiyejiweza watasema ni mzigo kwa hospitali zao. Wewe nawe unakaa hapa unaniuzia udenda!"

"Asiyejiweza anapita," Bwana Muhuri alisema taratibu. "Akiwa na mtu wake, na tiketi ya kurudi, anapita. Wanamwonea huruma. Huruma yao ndiyo mlango, mama. Haki yako haina mlango pale."

Fundi alitoka bila kuaga. Njia nzima alikuwa akitukana kimoyomoyo, na pale penye makelele ya pikipiki alitukana kwa sauti. Alimtukana kijana wa kioo, akamtukana aliyemzaa, akarudi akamwomba radhi aliyemzaa kwa sababu huenda ni mama wa watu hana habari. Wanasema hasira hasara. Waliosema hivyo, nadhani, hawakuwahi kuambiwa na mgeni kwamba kazi nzuri ya mama yao ndiyo kosa.

Jioni Kitinda alipiga simu. Uso ulikuwa umevimba, macho yamezama, na mkono uliofungwa bandeji ulikuwa umelazwa juu ya mto kama si wake. Fundi alimweleza aliyoyasema Bwana Muhuri, akitegemea kwamba mdogo wake naye atawaka. Kitinda hakuwaka. Labda hakuwa na cha kuwakia.

"Fanya, Dada."

"Nifanye nini?"

"Alivyosema. Mvalishe matambara, umpeleke."

"Kitinda, wewe ndiye unasema hivyo? Nani alikuwa anarudi shule mbio amwonyeshe Bosi kifungo kimelegea, hata kama hakijalegea, ili ampe kazi?"

"Mimi." Akavuta pumzi. "Wiki iliyopita moyo ulisimama nikiwa kwenye mashine. Wakaurudisha. Sikutaka kukwambia. Dada, ni nguo tu. Ni asubuhi moja. Hata hataelewa."

Hapo ndipo Fundi aliposhindwa. Angeweza kugombana na kioo, angeweza kugombana na Bwana Muhuri hadi kiyama, lakini na moyo uliosimama utagombana vipi?

Akaomba upya, akapewa siku, na wiki nzima hakumnyoa Bosi. Lakini shati lililochakaa halikupatikana. Hiyo ndiyo nyumba ya fundi: kilichochanika kinatiwa kiraka kabla ya jua kuzama, na kilichoshindikana kinakuwa kitambaa cha kufutia mashine. Alipekua makabati mpaka akakaa chini. Mwishowe alichukua shati zuri la Bosi la mistari, akalisugua kola kwa jiwe la kuogea, akalegeza mshono wa bega, akakata vifungo vitatu na kuacha nyuzi zikining'inia. Mikono yake haikutaka. Mkasi aliokuwa nao tangu usichana ulikuwa unateleza kama umepakwa mafuta. Aliutupa ukutani, akauokota, akaendelea.

Alilitundika, akaenda kununua mkate. Aliporudi, vifungo vitatu vilikuwa vimeshonwa, imara, uzi umezungushwa shingoni mwa kila kimoja kama Mama alivyofundisha. Bosi alikuwa anangoja kusifiwa.

"Vimetoka, Dada. Nimerudisha."

"Vizuri, Bosi," alisema Fundi, akaenda jikoni akafunga mlango.

Alivikata tena. Bosi akavirudisha tena, safari hii akiwa na wasiwasi usoni, kama mtu aliyeingiliwa na panya dukani. Ilibidi Fundi aifiche sindano yake. Ile sindano ilikuwa na mahali pake, imechomekwa kwenye kijimto kidogo kando ya kopo la vifungo, na haijawahi kukosekana hapo tangu siku alizokuwa hai Mama. Bosi alikitazama kijimto. Akakigeuza. Akatazama chini ya kigoda. Hakulia, alikaa tu, mikono juu ya magoti, na jioni yote hakuuliza lini.

"Sikiliza," Fundi alimwambia, amechuchumaa mbele yake. "Kesho tunacheza mchezo. Mchezo wa kutojua. Mtu akikuuliza, unanyamaza. Mimi nitasema."

"Mimi najua."

"Unajua. Lakini kesho tunajifanya hujui."

"Kwa nini?"

Fundi alikuwa na majibu mengi, na hakuna hata moja la kumwambia mtu wa rika la puto.

"Tumwone Kitinda," alisema.

"Haya," alisema Bosi.

Mlinzi wa mlangoni hakumtambua. Yule yule ambaye mara ya kwanza aliamkiwa shikamoo akacheka hadi machozi, safari hii alimkagua kwa ncha za vidole. Ukumbini walikaa kwenye viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja, kila mtu na bahasha yake kifuani, na mwanamke aliyekuwa jirani yao alihama kiti kimoja. Bosi alikuwa ameweka kiganja juu ya kifua, pale shati lilipokuwa wazi. Fundi alimshusha mkono. Mkono ukarudi. Akamshusha tena, akaushikilia, na alihisi vidole vya Bosi vikitafuta tundu hewani.

Kwenye kioo safari hii alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, sauti yake nzuri kabisa. Fundi angependa awe mkali. Mkali unajua pa kumshika.

"Anaweza kuvaa mwenyewe?"

"Hawezi," alisema Fundi.

Bosi akamgeukia.

"Hata vifungo?"

"Hawezi."

"Kula?"

"Ninamlisha." Bosi alikuwa anakula vizuri kuliko yeye.

"Anaelewa anakokwenda?"

"Haelewi."

"Kumwona Kitinda," Bosi alinong'ona, na Fundi akambana mkono, akambana sana, mpaka akanyamaza. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na Fundi alikuwa amesimama pale akijikwaa ulimi kwa makusudi, neno baada ya neno, mbele ya mwenyewe anayesemwa.

"Kuna kazi yoyote anayofanya?"

Koti la ukutani lilimjia machoni. Lilimjia na Mama ndani yake.

"Hana kazi. Hawezi chochote."

Yule mama alisukuma karatasi chini ya kioo, na kalamu juu yake. Bosi aliiona kalamu. Uso ulimkunjuka; hilo alikuwa analijua, hapo hata mchezo ungepaswa kusimama kidogo. Alinyoosha mkono. Fundi akaudaka katikati ya njia, akakikunjua kidole gumba, akakigandamiza kwenye kibweta cha wino, kisha kwenye karatasi. Bosi hakupinga. Alikitazama kidole chake cheusi, akamtazama dada yake, akakipuliza ili kikauke.

"Pole sana, mama," alisema yule wa kwenye kioo, na alimaanisha, ndiyo mbaya zaidi. "Umebeba mzigo mkubwa. Mungu akutie nguvu."

Fundi alisema ahsante. Alilisema neno hilo huku anatamani kupasua kile kioo kwa paji la uso. Walipokuwa wanamkataa walimtukana kwa barua, na barua unaweza kuichana. Huruma hii ilibidi aimeze palepale, tena kwa shukrani.

Nje alimfunga Bosi shati kwa pini, akamfuta kidole kwa leso. Wino haukutoka. "Mchezo umeisha," alimwambia kwa furaha ya kulazimisha. "Umecheza vizuri! Twende tukanywe soda." Bosi alikunywa nusu, akamrudishia chupa.

Asubuhi iliyofuata Fundi alikuwa anawasha mashine alipomwona amesimama mlangoni mwa chumba chake. Amevaa shati safi, la bluu. Lote wazi.

"Bosi, shati."

Hakusogea. Alikuwa ameinua kidevu kidogo, mikono imeshuka ubavuni, anangoja.

"Bosi, funga shati, wateja wanakuja."

"Mimi siwezi," alisema Bosi. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu aliyepewa habari na anayezijua zaidi. "Dada umesema."

Fundi alimrudishia sindano siku hiyohiyo, aliichomeka mahali pake na kumwonyesha. Akamsimamisha mbele ya koti la Mama. Akambembeleza, akaimba, akaahidi puto. Siku moja alimpigia kelele mpaka jirani akabisha hodi: "Unaweza! Unaweza, nakwambia! Nilidanganya!" Bosi aliziba masikio. Kwake yeye Dada hakuwahi kudanganya. Ndiye aliyemwambia moto unaunguza, na moto ukaunguza kweli. Sare za shule zilirundikana zikiwa hazina vifungo. Mteja mmoja aliingia akachangamka kama kawaida: "Bosi, habari za kazi?"

"Mimi siwezi," alisema Bosi. Mteja alicheka akidhani ni utani mpya.

Na viza ikatoka. Ilitoka haraka, ilitoka safi, bila swali la nyongeza. Bwana Muhuri alimpigia simu mwenyewe, anashangilia kama aliyeshinda uchaguzi. "Si nilikwambia, Fundi? Si nilikwambia?" Fundi alikata simu. Aliifungua pasipoti, akaitazama picha ya mdogo wake ndani ya ile karatasi inayong'aa, ndevu zimechipua, kifua wazi, macho yanatazama pembeni, kwa dada yake. Hivyo ndivyo walivyomtaka, na hivyo ndivyo alivyompeleka. Kuna watu alitaka kuwaua siku hiyo, na mmoja wao alikuwa kwenye kioo cha kabati lake.

Walisafiri. Kwenye ndege Fundi alimfunga mkanda, akamkatia mkate, na mhudumu akamwambia pole, Mungu akutie nguvu, kama vile wote walikuwa wamesoma chuo kimoja.

Kitinda alikuwa amekonda kuliko simu ilivyoonyesha. Alifungua mlango akiwa ameegemea ukuta, na Bosi akamkumbatia kwa nguvu mpaka Fundi akaogopa mirija. Walilia wote watatu. Bosi alimshika uso, akambusu, akamtazama kwa mbali, akambusu tena. "Huna ukungu," alimwambia. Kitinda alicheka akashikilia ubavu. Usiku ule Fundi alidhani, basi, labda imelipa.

Asubuhi Kitinda alikuwa amekaa kwenye kiti chake kando ya dirisha, anangoja gari la kumpeleka kwenye mashine. Bosi akatokea bafuni. Shati wazi, kidevu juu.

"Mbona kifua nje?" Kitinda alimtania. "Mtoto wa fundi hatoki nje..." Akamwachia amalizie, kama walivyozoea tangu utotoni.

"Mimi siwezi," alisema Bosi. "Dada kasema."

Kitinda alimgeukia Fundi. Fundi alikuwa na maneno tayari mdomoni, yameiva tangu siku nyingi: ulisema ni nguo tu, ulisema hataelewa. Aliyatazama yale macho yaliyozama, na ule mkono wa bandeji, akayameza. Huwezi kumrushia jiwe mtu anayening'inia. Akageuka akatazama dirishani, na kila aliyepita kule chini barabarani, na koti lake limefungwa hadi shingoni, alimchukia.

Kitinda alijitazama kifuani. Sweta lake lilikuwa wazi. Vidole vyake vilivyovimba vilikuwa vimeacha siku nyingi kuhangaika nalo.

"Bosi," alisema. "Mimi pia siwezi. Ona. Nifungie."

Bosi alisogea. Alipiga magoti mbele ya kiti, akazishika pindo za sweta pande zote mbili, akazilinganisha. Ulimi ukatoka pembeni mwa mdomo. Akaanza na cha chini. Kikaingia. Cha pili kikaingia, na cha tatu, taratibu, bila kuruka tundu, akapanda hadi kwenye ule mfupa wa shingo uliokuwa umetokeza, akafunga cha mwisho kwa uangalifu asimbane. Akakilainisha kwa kidole gumba. Fundi alikuwa ameshika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili.

"Mashaallah," Kitinda alisema, sauti nyembamba kama uzi. "Umeona? Haya, bosi wangu. Sasa na vyako."

Bosi alivitazama vifungo vyake. Alivitazama kwa muda, kimoja kimoja, hadi chini. Kisha akasimama, akamgeukia Fundi, akashusha mikono, akainua kidevu.

Fundi akapiga magoti mbele yake, akaanza na cha chini.